Kwanza Uliza Maji Yanapitaje

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi katika siku ya sayansi, Mtwara mjini

Mheshimiwa mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi wetu, viongozi wa mtaa mliofika, itifaki imezingatiwa. Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo?

Nimeombwa nizungumzie mada ambayo walimu wenu wanasema inawapotezea alama kila mwaka: aina za mtiririko wa vimiminika na gesi. Nitazungumza Kiswahili. Najua darasani mnaisoma kwa Kiingereza na mtihani utakuja kwa Kiingereza, lakini nimefundisha miaka mingi na nimeona kwamba mwanafunzi akishindwa kumweleza bibi yake jambo, jambo hilo bado hajalielewa, hata kama amelikariri vizuri.

Nianze na kosa langu.

Nilipoajiriwa nilipangiwa shule moja juu ya uwanda wa Makonde. Mliotoka Newala na Tandahimba hamhitaji kuelezwa shida ya maji ya kule. Mvua inanyesha, tena inanyesha ya kutosha, lakini udongo ule wa kichanga unaimeza yote. Juu ya uwanda hakuna mto. Kwa vizazi na vizazi mama zetu wameteremka bondeni usiku wa manane kufuata chemchemi na kupanda tena na ndoo kichwani. Basi kijiji jirani na shule kilikuwa kimepata tenki, limejengwa kwenye kilima, na wananchi wakataka kuvuta bomba moja kutoka pale hadi kituo cha kuchotea. Umbali ni mita 800 hivi, mteremko mita 12. Mwenyekiti wa kamati ya maji, mzee mtaratibu sana, akaja nyumbani kwangu jioni. Akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unayewasomesha watoto wetu mambo haya. Tununue bomba la inchi ngapi?"

Nikakaa na karatasi. Nikachukua kanuni ya Bernoulli, ile aliyoichapisha mwaka 1738, nikageuza kimo cha mita 12 kuwa mwendo. Nikapata mita 15 kwa sekunde. Kwa bomba la milimita 25, yaani inchi moja, ndoo ya lita 20 ingejaa kabla ya sekunde tatu kwisha. Nikaona hayo ni maji mengi mno. Hata nikikata nusu kwa tahadhari, na nusu nyingine tena, bado kijiji kitaneemeka. Nikamwambia mzee: nunueni la inchi moja, msitupe fedha kwenye la inchi mbili. Fedha yenyewe ilikuwa ya korosho. Kila kaya ilitoa yake baada ya mnada.

Siku ya kufungulia maji, bibi mmoja akapewa heshima ya kuchota wa kwanza. Akafungua koki, maji yakatoka, vigelegele vikapigwa. Vigelegele vikaisha ndoo ikiwa haijafika nusu. Nilikuwa na saa mkononi. Ilijaa kwa dakika moja na sekunde ishirini na kitu. Nikageuka nikaitazama foleni: ndoo na madumu kama sitini. Nikapiga hesabu kichwani, saa nzima na dakika ishirini kwa foleni ile tu iliyopo. Hakuna aliyenilaumu. Mzee akaniambia, "Mwalimu, maji tumepata." Neno lile lilinichoma kuliko lawama.

Usiku ule nilirudia hesabu yangu mstari kwa mstari. Haikuwa na kosa la kuzidisha wala la kugawanya. Kanuni niliyoitumia ni ya mtiririko wa aina fulani, na maji ndani ya bomba lile yalikuwa yakipita kwa aina nyingine kabisa. Sikuwa nimejiuliza. Nilikuwa nimezikariri aina zote za mtiririko, ningeweza kuziandika ubaoni nimefumba macho, lakini kwangu zilikuwa majina ya kujibia swali la kwanza la mtihani. Sikujua kwamba ndizo zinazokuruhusu au kukukataza kutumia fomula.

Sasa tazameni mezani. Nimeomba taa za mbele zizimwe kidogo na feni zisimamishwe. Hiki hapa ni chetezo, na mama mmoja wa Mikindani amenipa ubani. Naweka punje moja kwenye kaa. Tulieni, msipepee madaftari. Mnauona moshi? Unapanda umenyooka kama uzi wa kushonea, hautikisiki, kwa kimo cha shubiri moja hivi. Halafu, pale juu, unaanza kuyumba. Unajikunja. Kisha unavurugika wote, huwezi tena kusema moshi huu ulitoka upande gani. Moshi ni uleule, ubani ni uleule, chumba ni kilekile. Kwenye shubiri ile ya chini mnaona mtiririko wa matabaka: kila tabaka la hewa linateleza kando ya mwenzake bila kuingiliana. Kule juu ni mtiririko wa vurugu. Na pale katikati, panapoyumba, ni mtiririko wa mpito.

Kwa nini ubadilike? Moshi moto unapanda ukiongeza kasi, na wingu lake linapanuka. Kumbukeni maneno hayo mawili, kasi na upana, tutayahitaji.

Jambo la pili lipo kwenye ubao huu. Huu ni mpira mweupe, ule mafundi ujenzi wanaopimia levo. Upana wake wa ndani ni sentimita moja. Upande mmoja umeingia kwenye ndoo ya maji juu ya kabati, upande wa pili una kibanio. Rangi hii nyekundu ndiyo kina mama wanayochemshia ukindu wa mikeka, na nimeivuta kwa bomba la sindano. Binti yangu wa kidato cha tano atalegeza kibanio kidogo, na kijana huyu atasukuma rangi polepole pale mdomoni mwa mpira. Sogeeni walio nyuma.

Mnaona mstari? Mwekundu, mwembamba, umenyooka katikati ya mpira kutoka mwanzo hadi mwisho, maji meupe pande zote na wala hayachanganyiki nao. Pimeni: chupa ya nusu lita imejaa kwa sekunde 64. Sasa legeza zaidi. Zaidi. Mstari umetetemeka... na huo umekatika. Maji yote yamekuwa ya waridi kuanzia pale mbele. Chupa imejaa kwa sekunde 13.

Mlichokiona ndicho alichokiona Osborne Reynolds kule Manchester, Uingereza, katika majaribio aliyoyachapisha mwaka 1883. Alizaliwa Belfast mwaka 1842, na alikuwa profesa wa uhandisi. Yeye alitumia mrija wa kioo wenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta, ndani ya tangi la maji yaliyotulia. Alipoitazama ile sehemu iliyovurugika kwa mwanga wa cheche ya umeme, ambao ni wa mara moja tu kama radi, aliona kwamba haikuwa ukungu mtupu. Ilikuwa imejaa vizunguko vidogovidogo vya rangi, vinazaliwa na kufa. Nampenda sana mtu huyu kwa sababu hiyo. Wengine wangeandika "yamechanganyika" na kufunga daftari.

Reynolds alionyesha kwamba mabadiliko yale hayategemei kasi peke yake. Kuna pande mbili zinazoshindana. Upande mmoja ni inesha: kila kipande cha maji kina uzito na kina safari yake, kinataka kuendelea kilikokuwa kinakwenda. Upande wa pili ni mnato: kila kipande kinamshika jirani yake na kumzuia asikimbie peke yake. Fikirini watu wanaotoka uwanja wa Nangwanda Sijaona baada ya mechi. Wakitembea taratibu wameshikana mikono, safu hazivunjiki, hata mmoja akijikwaa jirani anamrudisha kwenye mstari. Wakikimbia, na mlango ukiwa mpana, mmoja akiyumba anamsukuma wa pili, wa pili anamsukuma wa tatu, na safu inakwisha hapohapo.

Nguvu za pande hizo mbili zinapimwa kwa hesabu fupi: densiti mara kasi mara kipenyo, gawanya kwa mnato. Jibu halina kizio chochote, ni namba tupu, nayo inaitwa namba ya Reynolds. Tuipate kwa mpira wetu. Densiti ya maji ni kilo 1,000 kwa mita ya ujazo. Maji haya yana joto la nyuzi 27, mnato wake ni 0.00085 kwa vizio vya kimataifa. Mara ya kwanza kasi ilikuwa kama mita 0.1 kwa sekunde, kipenyo mita 0.01. Mnapata karibu 1,200. Mara ya pili, karibu 5,800. Vitabu vyenu vinasema ndani ya bomba la duara, chini ya 2,000 hivi mtiririko ni wa matabaka, juu ya 4,000 ni wa vurugu, na katikati ni mpito. Rangi ya ukindu imekubaliana na vitabu.

Lakini 2,000 si ukuta, na hapa nataka mnisikilize vizuri. Reynolds mwenyewe alipotuliza maji na kuzuia kila mtikisiko aliweza kuubakiza ule mstari umenyooka hadi kwenye namba iliyopita 10,000. Chini ya 2,000 hivi mtikisiko wowote unakufa wenyewe, mnato unaumeza. Juu ya hapo mtikisiko ukiingia, unakua. Kama haukuingia, mstari unaweza kusalimika. Mwanafunzi anayeandika kwamba kwenye 2,001 maji yanageuka ghafla, hajaona maji.

Chukueni bomba la nyumbani la milimita 20, maji yakipita kwa mita moja kwa sekunde, mwendo wa kawaida kabisa. Namba yake inapita 23,000. Ili maji hayo yapite kwa matabaka, ingebidi kasi ishuke chini ya sentimita 9 kwa sekunde. Hapo hutaoga leo. Kwa hiyo karibu maji yote mnayoyaona yakitoka bombani yametoka kwenye vurugu. Asali nayo? Mnato wake unaweza kuzidi wa maji mara maelfu. Ukiimimina kwa unene wa sentimita moja, ikishuka sentimita 10 kwa sekunde, namba yake haifiki hata 1. Ndiyo maana asali inashuka kama kioo na kujilaza yenyewe, na huwezi kuifanya irushe matone hata ukitaka.

Na ile mvua ya uwanda wa Makonde inayozama mchangani? Kule chini inapita kwenye vinjia vyembamba kuliko uzi, kwa mwendo wa kukatisha tamaa. Kasi ndogo, upana mdogo, namba ndogo sana. Inapita kwa matabaka. Mhandisi Mfaransa Henry Darcy, aliyeuhudumia mji wa Dijon kwa maji, alipima maji yakipita kwenye mchanga na mwaka 1856 akatoa kanuni yake: maji yanaongezeka sawasawa na msukumo, ukiongeza msukumo mara mbili unapata maji mara mbili. Urahisi huo unatokana na utulivu wa matabaka. Tone lilelile likifika kwenye chemchemi, likanyonywa na pampu na kusukumwa kwenye bomba la kupanda uwandani, linaingia kwenye vurugu, na kanuni ya Darcy inakoma palepale. Tone moja, siku moja, kanuni mbili.

Sasa nirudi kwenye bomba langu. Maji yalikuwa yakipita kwa nusu mita kwa sekunde. Namba ya Reynolds ilikuwa kama 14,500. Vurugu tupu. Bernoulli, kwa namna nilivyoitumia, inadai kimiminika kisicho na mnato, kisichobanika, kinachopita bila kubadilika na wakati. Mimi nilipewa mita 800 za ukuta wa bomba, na maji yenye mnato yakiusugua ukuta huo kwa vizunguko elfu na elfu. Kile kimo cha mita 12 kilikwenda wapi? Pigeni hesabu ya nishati ya mwendo wa nusu mita kwa sekunde, mtaona kwamba kilichogeuka kuwa mwendo ni sawa na sentimita moja na robo. Zilizobaki zote, mita 11 na sentimita 98 na zaidi, ziliishia kwenye msuguano, zikawa joto dogo ambalo hakuna mkono ungelihisi.

Na kipenyo? Hapa ndipo watu wengi wanaponunua hasara. Fundi anadhani bomba la inchi mbili linatoa maji mara mbili ya la inchi moja. Mwanafunzi aliyesoma eneo la duara anasema mara nne. Katika vurugu, kwa kimo kilekile na urefu uleule, yanaongezeka karibu mara sita. Kama mtiririko ungekuwa wa matabaka, yangeongezeka mara 16. Hiyo ya 16 ndiyo kanuni ya Poiseuille, daktari Mfaransa aliyetaka kujua damu inapitaje kwenye mishipa midogo, akapima maji kwenye mirija myembamba ya kioo. Mjerumani Hagen alifikia jambo hilohilo kwa njia yake mwaka 1839. Mtiririko unakwenda na nusu kipenyo kwa kipeo cha nne. Mshipa mdogo ukisinyaa nusu, damu inayopita kwa msukumo uleule inabaki moja ya kumi na sita.

Msimu uliofuata, baada ya korosho kuuzwa, kijiji kilinunua bomba la inchi mbili. Mzee alinifuata tena kuuliza, na safari ile nilianza kwa kuuliza maji yatapitaje. Ndoo ikajaa kwa sekunde 13. Lile la kwanza walilifukua wakalitumia kupeleka maji zahanati, umbali mfupi. Najua halikupotea lote, lakini kwa msimu mzima watu walisimama kwenye foleni kwa sababu yangu.

Nimetaja damu, niseme jambo moja kwa vijana wanaotaka uuguzi. Mkipima presha mnafunga mkanda mkononi na kuweka kifaa cha daktari cha kusikilizia kwenye kiwiko. Mkono uliolegea haukupi sauti. Damu inapita kimya. Mkijaza upepo mpaka mshipa uzibe, kimya pia. Mkianza kuupunguza, damu inapenya kwa nguvu kwenye nafasi nyembamba, inavurugika, mnasikia mapigo. Mkilegeza zaidi, utulivu unarudi na sauti inapotea. Daktari Mrusi Korotkov ndiye aliyeueleza upimaji huu mwaka 1905. Ile sauti mnayoisubiri ni kelele ya mtiririko uliovurugwa.

Sasa kuna jozi nyingine ya aina, na hii ndiyo mnayoichanganya kuliko zote: mtiririko thabiti, na mtiririko ulio sawa kila mahali. Wengi mnaandika kama ni kitu kimoja.

Nawakumbusha karamu yoyote ya pwani, kabla ya pilau. Kijana anapita na birika na beseni, anawanawisha wageni. Tazama maji yanayotoka kwenye mdomo wa birika: juu ni manene, chini kidogo yamekuwa membamba, yakikaribia mikono ni membamba zaidi. Kwa nini? Yanaposhuka yanaongeza kasi, na kwa kuwa kiasi kinachotoka juu kwa sekunde ndicho kinachofika chini, yakienda haraka zaidi lazima yasinyae. Eneo mara kasi halibadiliki. Basi, kama mkono wa kijana hautetemeki, ukitazama sehemu moja tu, tuseme shubiri moja chini ya mdomo, unene pale na kasi pale havibadiliki tangu mgeni anaanza kunawa mpaka anamaliza. Huo ni mtiririko thabiti: kila mahali pana kasi yake, na hapo mahali haibadiliki na wakati. Lakini si sawa kila mahali, maana juu na chini vinatofautiana. Tone lenyewe linaongeza kasi njia nzima, na bado mtiririko ni thabiti. Ukilielewa birika hili, umemaliza.

Kinyume chake nendeni mkakitazame pale Mikindani, kwenye mlango wa ghuba. Maji yakijaa yanaingia, yakipwa yanatoka, na baina yake kuna muda yanasimama. Kila baada ya saa sita na dakika kama kumi na mbili mambo yamegeuka. Simama kwenye jiwe moja tu, kasi mbele yako haitabaki ileile. Huo si mtiririko thabiti. Wavuvi wameujua kabla ya kitabu chochote. Wanajua bamvua maji yanakimbia na maji mafu yanalegea, na wanapanga kutoka kwao kwa kufuata hilo. Mzee nahodha aliyekaa pale mbele ananiitikia kwa kichwa. Mzee wangu, asante.

Nisogee kwenye gesi, maana watoto wa Mtwara hawawezi kumaliza mada hii bila gesi. Mnazi Bay iligunduliwa gesi mwaka 1982, na Songo Songo kule Kilwa, mkoa wa Lindi, mwaka 1974. Bomba linalotoka Madimba kwenda Dar es Salaam, lililozinduliwa mwaka 2015, lina kipenyo cha inchi 36, kama sentimita 91. Gesi iliyobanwa ina mnato mdogo sana na bomba ni pana, kwa hiyo hata kwa mwendo wa mita chache kwa sekunde namba ya Reynolds inakwenda kwenye mamilioni. Lakini kuna jipya. Maji hayabaniki kirahisi: kupunguza ujazo wake kwa asilimia moja unahitaji zaidi ya mara 200 ya kanieneo la hewa. Gesi inabanika. Inaposafiri na presha yake ikashuka kwa msuguano, inatanuka. Kilo zinazoingia kwa sekunde ndizo zinazotoka, lakini sasa zimechukua nafasi kubwa, na bomba halijapanuka. Kwa hiyo gesi inazidi kwenda kasi kadiri inavyokaribia mwisho. Ukiandika eneo mara kasi ni lilelile, umekosea. Lazima densiti iingie. Huo ni mtiririko wa kubanika. Upepo wa kusi hapa kwetu nao ni gesi, lakini haubanwi na kuta na mwendo wake uko mbali sana na ule wa sauti, kwa hiyo unaweza kuuhesabu kama usiobanika bila dhambi.

Aina ya kuzunguka nitaipitia haraka. Chukua vijiti viwili, vifunge kama msalaba, uviache vielee juu ya maji yanayopita. Kama msalaba unageuka wenyewe, pale mtiririko ni wa kuzunguka. Kama unasafiri, hata kwa njia ya duara, lakini mikono yake inaelekea upande uleule, si wa kuzunguka. Jaribuni kando ya mto wowote karibu na ukingo, ambako maji ya pembeni yanachelewa na ya katikati yanakimbia, msalaba utageuka. Kipimo hicho cha vijiti kina faida kuliko ufafanuzi wa mistari mitatu kitabuni. Na kwa ukubwa wa kutisha, mmeusikia kwa wazee: kimbunga cha Aprili 1952 kilichoipiga Lindi. Huku kusini mwa ikweta vimbunga vinazunguka kama mishale ya saa. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kilipita jirani, kikaingia Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, na wengi wenu mliokuwa wadogo mlihamishwa kwenda maeneo salama.

Hata ramani ya bahari yetu ni somo la mtiririko. Mkondo wa Ikweta ya Kusini unavuka Bahari ya Hindi kutoka mashariki, unapita ncha ya kaskazini ya Madagaska, unakuja kugonga pwani ya Afrika maeneo haya ya kwetu, karibu na Cabo Delgado, na hapo unagawanyika: mkono mmoja unapanda kaskazini kuelekea Mafia na Zanzibar, mwingine unashuka kusini Msumbiji kwa vizunguko vikubwa vya mamia ya kilomita.

Vijana wangu, msidhani mada hii imekwisha kwa sababu imo kwenye mtaala. Milinganyo inayoeleza mwendo wa vimiminika vyenye mnato, ya Navier na Stokes, ilikamilika katika karne ya 19. Mwaka 2000 taasisi ya Clay ya Marekani iliweka dola milioni moja kwa atakayethibitisha kama milinganyo hiyo daima ina majibu yasiyokatika, au atakayeonyesha kwamba hayapo. Fedha hiyo haijachukuliwa. Kwa hiyo ule moshi wa ubani, pale unapoanza kuyumba, bado unawashinda wakubwa.

Nimeona dakika zangu zimekwisha. Ndoo juu ya kabati bado ina maji zaidi ya nusu, na rangi ipo. Kwa hesabu yangu, kwa mpira huu mpito unaanza chupa inapojaa kwa sekunde 37 hivi, na unamalizika kwenye sekunde 19. Sijaujaribu katikati ya hapo, nimewaachia. Anzeni kwenye sekunde 50, mshuke kidogokidogo, mmoja ashike kibanio, mmoja saa, mmoja aandike, na mtu asiegemee meza. Binti yangu, fungua.